Mbuzi wa Dote kwenye Simenti Mbichi

Mimi sikusoma sana. Nilifika darasa la tatu, kisha jembe likanichukua. Mais hata hivyo nyumba ninazijua. Nimekaa nyumba ya miti na udongo kule Mangina, nimekaa ya mbao, na leo ninakaa ya matofali ya kuchoma hapa Butembo, na maharagwe yaliyoijenga niliyauza kwa mikono hii. Donc basi, mutu asije kunifundisha mambo ya nyumba.

Uwanja wake ndio ulikuwa unaniletea haya. Simenti ya zamani ilipasuka kama kisigino cha mwanamke wa shamba. Mvua ikinyesha, maji yalikaa kwenye mashimo, na bata wa jirani walikuja kuoga kwangu. Nilivumilia miaka mingi. Kisha mjukuu wangu, yule niliyemlea tangu mama yake alipofariki, akapata mchumba wa Beni, na wakwe wakatuma neno: Jumamosi tunaleta mahari, mbuzi wa dote.

Nikamwambia mwanangu, baba ya binti: "Bakwe habatakanyaga hii mashimo. Batasema mutoto tulimuokota mu barabara."

"Mama, banakuja kuoa mutoto, habakuje kuoa uwanja."

"Weye nyamaza. Mugeni anaangaliaka kwanza fasi ya kuweka muguu."

Watu walikuwa wameniambia habari za fundi mmoja wa Beni anayeweka simenti mpya, nyembamba, juu ya ile ya zamani, anaitia rangi, anaichapa sura ya mawe. Sikumpigia simu aje. Nilipanda gari nikaenda mwenyewe. Nilimkuta mwanaume mrefu, suruali imejaa rangi, anaongea polepole. Akanipeleka kwa nyumba moja iliyokuwa inang'aa kama sahani. Nikamuuliza, "Hii umeimaliza lini?" Akasema juzi. Nikacheka.

"Kitu ya juzi hata miye ningekuonyesha. Unipeleke kwa ile mvua imekwisha kupiga."

Akanipeleka kwa mama mmoja wa kanisa. Pale nilipiga magoti. Nilikwaruza sakafu kwa ufunguo, nikamwaga maji ya jagi nzima nione yanakimbilia wapi. Yalikimbia vizuri mpaka kwenye mfereji. Nikamwambia fundi atoke kidogo, nikamgeukia mwenye nyumba.

"Ule mutu anakunywaka?"

"Hapana, mama. Mais anaimbaka, na sauti yake ni mubaya sana."

"Kuimba si kitu." Hapo nikampa kazi.

Alipofika Butembo nikamkamata tena. Nilimwambia amwage kipande kidogo nyuma ya jikoni kwanza. Alikimwaga, kikakauka, na mimi nikaweka kinu changu juu yake nikatwanga sombe ya nyumba nzima. Majani ya muhogo yakawa laini, simenti ikabaki. Fundi alikuwa amesimama pale na mikono kiunoni.

"Mukaka," akaniita, kwa Kinande, kama wajukuu wangu wanavyoniita, "hata ofisi za serikali hazinipimake hivi."

"Njo maana barabara zao zinabomoka. Anza kazi."

Na kazi alijua, nisimnyime. Hakukimbilia kumwaga. Alikwangua ya zamani, akapanua nyufa badala ya kuzificha, akazijaza, akaosha uwanja wote kama mutu anayeosha mtoto. Kisha akapaka ile simenti nyembamba, akarusha unga wa rangi nyekundu, na Jumatano, saa za mchana, akaanza kuichapa kwa mikeka ya mpira. Alipoinua mkeka, chini kulikuwa na mawe. Nilijua ni simenti, nilimwona akiikoroga, na bado jicho langu likasema mawe. Akaniambia mutu asipite mpaka Ijumaa, kwa sababu baridi ya Butembo inachelewesha kukauka.

Alikuwa ameinua mkeka wa mwisho tu, kamyo ikapiga honi langoni.

Nikafikiri ni ya jirani. Mwanangu, aliyekuwa amebaki upande wa lango, akafungua akabaki na mkono kwenye komeo. Walikuwa wakwe. Walisikia kwamba barabara ya kutoka Beni inaweza kufungwa mwisho wa juma, wakapata kamyo ya siku ile, wakaogopa kungoja. Simu yetu, walisema, haikupita. Mbele alikuwa mjomba wa bwana arusi, kofia kichwani, tai shingoni. Nyuma yake bwana arusi mwenyewe, shangazi wawili, vijana kadhaa, na mbuzi wanalia.

Fundi akapiga kelele kutoka ukutani: "Hapana pita! Hapana pita! Bado mbichi!"

Sasa muelewe. Nyuma ya nyumba yetu ni jikoni, kisha bonde. Njia ni moja tu, kutoka langoni kukata uwanja. Na kwetu sisi Wanande, mbuzi wa dote akifika langoni harudi, wala halali kwa jirani. Akirudi, ni kusema mumewakataa watu wake. Mjomba alijua hilo kama mimi. Akatazama sakafu yangu nyekundu, akanitazama mimi.

"Mama, kumbe mu hii nyumba sakafu iko na bei kupita bibi arusi?"

Wale shangazi wakaguna. Dirishani nikamwona mjukuu wangu, mkono mdomoni. Mimi sikutikisika. Nikasimama palepale mlangoni kwa nyumba, nikasema kwa sauti ya kuita watu sokoni:

"Bakwe, karibuni! Kwa bengine, bamama banafunga mulango mpaka mulete pombe. Miye ni mutu wa kanisa, pombe siombi. Ninaomba mabega. Mwenye kutaka mutoto wangu abebe mbuzi yake mpaka ndani!"

Kisha shangazi mmoja akapasuka kwa kicheko. "Huyu mama ni moto!" Fundi, akili yake nzuri, alikuwa tayari anapanga mbao zake juu ya mfereji, kando ya ukuta. Mutu angepita. Mbuzi peke yake angerukia simenti.

Mjomba akasema, "Miye? Na hii koti?"

Lakini bwana arusi alikuwa ameshavua koti lake. Akachukua beberu mkubwa kuliko wote, akamtupa shingoni, akapanda mbao. Katikati ya njia beberu akamkojolea mgongo mzima. Shangazi wakapiga vigelegele. "Vumilia, ni maji ya baraka!" Kijana hakusimama, hakumtupa. Hapo nikaanza kumpenda. Vijana wengine wakafuata, mmoja mmoja, mpaka akabaki jike mmoja mweupe na mjomba peke yake. Kila mutu alimtazama. Akavua kofia, akamtia yule jike begani kama gunia la mkaa, akapanda mbao.

Jike akapiga teke. Mjomba akayumba, akashika ukuta, mbuzi akaanguka. Na huyo, akakata uwanja wangu wote kutoka pembe mpaka pembe, kwato zinazama kwenye mawe yangu mapya, pwa, pwa, pwa.

Fundi alishika kichwa. Mjomba alibaki juu ya ubao, uso umekaza, ananitazama. Nilimsoma. Alikuwa anangojea nitukane tu, apate sababu ya kugeuza kamyo. Na mjukuu wangu bado yuko dirishani.

Nikasema, "Muache. Ni mbuzi yetu. Nani analipishaka mbuzi yake?"

Wale shangazi wakapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Mjomba akacheka, akafuta jasho na tai. Lakini mwanangu akavuka mbao nyuma yake, akanivuta mkono mpaka jikoni.

"Mama, umefanya nini? Umesema 'yetu'!"

Alikuwa na haki. Kwetu, upande wa binti hausemi mbuzi ni wetu mpaka wazee wakae, walalamike kwamba huyu amekonda na yule hana pembe, waombe kuongezewa. Ukisema "yetu," umekubali, na binti amekwenda.

"Nilijua kile ninasema," nikamjibu. "Ulimwona kijana na mikojo mu mugongo? Unataka nimurudishe juu ya pembe?"

"Na miye sasa nitabishana nini?"

"Bado kuko blanketi ya nyanya, ile bakwe banapashwa kunipa miye. Enda ubishane ile. Na isikuwe ile nyembamba."

Akaenda. Walibishana sana, nilisikia sauti zao kutoka ndani, kwenye salon, na wakakubali nzito. Mimi sikukaa nao mwanzo. Nilisimama kando ya mfereji na fundi, naye amelala tumbo juu ya mbao, anajaza alama za kwato moja moja na kuchapa upya kabla simenti haijashika. Aliimba, na ni kweli, sauti yake ni mbaya. Alipofikia zile za mwisho, karibu na mlango, akainua kichwa.

"Mukaka, hizi tuache? Zikuwe souvenir, tukumbuke dote?"

"Futa," nikamwambia. "Mbuzi mwenyewe niko naye nyuma ya jikoni. Hapa ninataka mawe."

Akafuta. Nikaenda kukaa na wakwe.