Thérèse na Gari la Injini ya Pikipiki

Mimi sipendi watu wanaopima mali ya marehemu kwa macho wakati maua ya kaburini hayajanyauka. Nasema mapema ili baadaye mtu asiniulize niko upande gani. Niko upande wa Thérèse, na nilikuwa upande huo hata siku ambazo niliamini kabisa kwamba atashindwa.

Thérèse ni jirani yangu hapa Mayfair, Johannesburg. Kati ya ua wake na wangu kuna ukuta mfupi ambao mimi huuegemea nikinywa chai, kwa hiyo haya ninayosimulia sikuyasikia kwa mtu. Ni Mkongo wa Lubumbashi, miaka hamsini na mmoja, fundi cherehani. Ana kibanda Fordsburg, anashona suti za maharusi na kupanua suruali za wanaume walionenepa ambao hawataki kukubali. Mimi ni Nyaboke, Mgusii, mfanyakazi wa benki. Namwita Yaya. Kwetu Kenya yaya ni msichana wa kulea mtoto, kwao yaya ni dada mkubwa. Mwanzoni ulimi ulikuwa unagoma, sasa umezoea.

Mumewe, Gustave, alikuwa mlinzi kwenye jengo la ofisi. Kwa miaka tisa alitengeneza gari uani kwake. Sisemi kukarabati, nasema kutengeneza, chuma kwa chuma, kwa kufuata michoro na vipande vilivyokuja ndani ya maboksi. Gari dogo la viti viwili, la chini sana, halina paa, injini inakaa nyuma ya mgongo wa dereva. Mtaa mzima uliliita beseni. Hata mimi niliita beseni, Mungu anisamehe. Kila Jumamosi Gustave alikuwa amelala chali chini yake, na Thérèse ameinama na tochi, anampa spana kabla hajaitaja. Viti alishona yeye. Mabati ya ubavuni alikata yeye, kwanza kwenye karatasi ya kaki kama anayekata koti, ndipo kwenye bati. Nimeona kwa macho yangu haya.

Lilikuwa na injini ya gari kuukuu, inakohoa moshi. Gustave aliishusha aifungue. Kabla hajairudisha, presha ikamchukua.

Siku ya tisa baada ya maziko ndugu wa mume wakaja. Thérèse na Gustave hawakujaliwa mtoto, na kwa watu wale hiyo ilitosha kuwa ruhusa. Mdogo wake Gustave, Pitchou, ana bakkie, ndiyo pikapu kwa lugha ya huku, anabebea watu mizigo. Alipakia friji. Akapakia televisheni. Akapakia suti ambazo Thérèse mwenyewe alizishona. Mwishoni, wanaume wanne wakihema, akapakia ile injini. Nilikuwa pale ukutani na kikombe changu, chai nikaimwaga chini.

Alipotaka kulichukua na gari lenyewe akaliuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu, Thérèse akasimama mbele yake.

"Gari hapana," akasema. "Friji mmebeba, suti mmebeba, nimenyamaza. Hii gari niliitengeneza na bwana yangu. Nusu yake ni mikono yangu."

Pitchou akacheka. "Gari gani, shemeji? Haiko na motere. Hii ni kitanda ya chuma."

"Nitaitia motere."

"Weye?"

"Miye."

Watu wote wakamtazama Papa Lambert. Huyo ni baba mdogo wa marehemu, mkubwa wa ukoo wao hapa Johannesburg, mzee wa maneno machache na kofia ambayo haivuliwi. Sasa, kwao msiba haufungwi mpaka mwaka utimie. Kunakuwa na misa, chakula, mjane anavua nguo nyeusi, na mali iliyobaki inasemewa neno la mwisho. Wanaita kumaliza matanga.

"Siku ya kumaliza matanga," Papa Lambert akasema, "kama gari itatoka hapa uani kwa nguvu yake yenyewe na kufika barabarani, ni ya Thérèse. Isipofika, Pitchou atakuja na trela, na sitaki kusikia mtu analia."

Wanaume wakakubali upesi upesi. Nani alikuwa na wasiwasi? Mjane, cherehani moja, gari bila injini. Kwao ilikuwa imekwisha.

Wueh! Hawakumjua.

Injini aliipata Eighth Avenue, kwa Abdulrahman, Msomali mwenye duka la vitambaa, mtu wa Kiswahili cha Eastleigh ya Nairobi. Mpwa wake alikuwa amenunua pikipiki kubwa ya mbio, akaanguka nayo wiki ya kwanza. Kijana alipona, lakini mama yake aliapa kwamba chombo kile hakitatoka tena kikiwa kizima. Kilikuwa stoo, kimefunikwa gunia, uma wa mbele umepinda.

"Mama Thérèse, ichukue," Abdulrahman akamwambia. "Wewe nishonee turubai za mbele ya duka, tumalizane. Dada yangu akisikia imekatwakatwa atalala usingizi."

Nilipoiona injini ile ndogo juu ya meza yake ya kukatia nguo, sikuweza kujizuia. "Yaya, hii ni ya pikipiki. Hilo ni gari, lina magurudumu manne!"

"Gari ni nyepesi, Nyaboke. Wewe mwenyewe uliita beseni." Kweli niliita. "Hii inakimbia kuliko bakkie ya Pitchou mara mbili. Kifungu cha kumi na tano."

Kifungu cha kumi na tano Wakongo wote wanakijua, na ukikitafuta kwenye katiba hukipati. Maana yake ni kwamba hakuna anayekuja kukusaidia, utajua mwenyewe.

Basi akaanza. Futi shingoni, pini mdomoni, akaipima injini ile kama bwana harusi. Mikono ya chuma ya kuishikilia ndani ya gari aliikata kwanza kwenye karatasi ya kaki, akaibandika kwa pini, akarudi nyuma kutazama, akapunguza hapa na pale. Karatasi zikaenda Newtown kwa fundi wa kuchomelea, naye akakata chuma kwa kuzifuata bila kuuliza swali. Fimbo ya kubadilishia gia aliitoa kwenye kanyagio la cherehani yake ya zamani. Miezi ilipita hivyo, Jumamosi kwa Jumamosi. Mimi nikawa nashika tochi. Kucha zangu za benki ziliisha zote, na sikuzililia.

Zikiwa zimebaki siku kumi na moja, tukafunga mnyororo unaotoka kwenye injini hadi kwenye ekseli ya nyuma. Akawasha. Ikanguruma! Nikapiga kigelegele cha Kisii. Akaingiza gia ya kwanza, gari likasogea hatua mbili, kisha ukasikika mlio wa chuma kinachopasuka. Mnyororo uliruka, ukachana bati la ubavuni kutoka mwanzo hadi mwisho.

Thérèse alishuka. Akachukua zile karatasi za kaki, akazilinganisha na chuma, akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Nafasi ya mshono," akasema.

"Nini?"

"Niliacha nafasi ya mshono!"

Miaka thelathini mwanamke huyu hajawahi kukata karatasi bila kuacha upana wa kidole pembeni, ule unaoingia ndani nguo ikishonwa. Mkono ulikata wenyewe, haukuuliza kichwa. Kwenye kitambaa kidole hicho kinapotea ndani ya mshono. Kwenye chuma hakina pa kupotelea. Injini ilikaa kando kwa upana wa kidole kizima, na mnyororo ulikuwa unavutwa mshazari.

Nilicheka, aki nilicheka. Halafu nikaona analia. Alilia kwa hasira, akizipiga karatasi kwenye goti. "Gustave angeona! Gustave angeona palepale!" Mwaka mzima sikuwa nimemwona akilia, hata siku friji inatoka. Nikaketi naye chini kwenye mafuta yale, na sketi yangu ya kazini, mpaka akamaliza.

Kesho yake asubuhi akakata karatasi mpya, na juu ya kila moja akaandika kwa chaki: HAKUNA MSHONO. Ndani ya wiki chuma kipya kilikuwa ndani, mnyororo umenyooka, bati limeshonwa kwa ribiti kama kiraka cha suruali. Gari likaenda kutoka ukutani mpaka getini, likasimama alipolisimamisha. Mimi nikapanda kwenye kiti cha dereva nijaribu gia. Moja, mbili, tatu, hadi sita. Nikatafuta tena.

"Yaya, rivasi iko wapi?"

"Haiko."

"Haiko vipi?"

"Umeona wapi pikipiki inarudi nyuma? Nikitaka kurudi nitashuka, nisukume."

Sasa hapa lazima nikiri kosa. Mimi na mdomo wangu tukaenda kusuka nywele, tukamsimulia msusi kama jambo la kuchekesha. Jumapili habari ilikuwa imefika kanisani kwao, na Pitchou akaishika kwa mikono miwili. Misa ikiisha anasimama nje, anawaambia watu: "Mumesikia? Gari ya mjane haijui kurudi nyuma!" Alikwenda hadi kwa Papa Lambert kudai kwamba kitu kisicho na rivasi si gari.

"Nilisema ifike barabarani," mzee akamjibu. "Sikusema irudi."

Siku ya kumaliza matanga misa ilikuwa asubuhi. Baadaye watu wakajaa uani, wanawake wa kanisa wakiwa na vitenge vya sare, masufuria jikoni yanachemka. Thérèse aliingia ndani na nguo nyeusi, akatoka na gauni la manjano alilolishona mwenyewe kwa siku hiyo. Pitchou hakuwapo. Alikuwa amekwenda kuchukua trela. Misa haijaisha, yeye alishaondoka, alivyokuwa na hakika!

Geti la ule ua linafungukia kichochoro cha nyuma, kirefu, ukuta huku na ukuta huku, kinapitisha gari moja tu. Mwisho wake ndiyo barabara. Thérèse akaketi, akafunga kitambaa kichwani, akaniangalia.

"Nyaboke, ingia."

"Mimi?"

"Kwani tochi alishika nani?"

Nikaingia. Akawasha. Injini ilipiga kelele iliyowafanya wanawake wazibe masikio na kushangilia kwa pamoja. Tukatoka getini, watu nyuma yetu, Papa Lambert mbele yao wote na fimbo yake. Tulikuwa tumefika katikati ya kichochoro nilipoiona bakkie ikiingia kutoka upande wa barabara, na trela tupu nyuma yake.

Alikuja moja kwa moja mpaka pua za magari zikakaribia kubusiana. Akapiga honi. Akatoa kichwa dirishani.

"Rudi nyuma!"

Thérèse akazima injini ili asikike vizuri. Alikunja mikono.

"Siwezi, shemeji. Haijui kurudi. Si wewe ndiye umetangaza kanisa zima?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Pitchou akapiga honi tena, ndefu. Thérèse hakusogea, na wala mimi sikusogea, nilikuwa nimejifunga mkanda. Nilijisikia kama ningeweza kukaa pale hadi Krismasi.

"Papa Lambert!" Pitchou akaita. "Mwambie atoe hiki kitu!"

Mzee alitembea polepole kando ya ukuta, akapita gari letu, akafika kwenye dirisha la bakkie.

"Wewe uko na ya kurudi nyuma," akasema. "Rudi."

Mmewahi kuona mtu anarudisha trela kwenye kichochoro chembamba mbele ya waumini wa kanisa lake? Trela likaenda kulia, likagonga pipa la taka. Akanyoosha, likaenda kushoto, likagonga ukuta. Eish, eish, wanawake wakawa wanasema kila likigonga. Mwishowe alishuka na jasho lake, akalifungua lile trela alilokuja kubebea gari, na wanaume wa kwao wenyewe wakalisukuma kwa mikono hadi nje. Kisha bakkie ikarudi nyuma, nasi tukaifuata pua kwa pua, taratibu, hatua kwa hatua, mpaka magurudumu yetu ya mbele yakaingia barabarani.

Papa Lambert alivua kofia. Sikuwahi kukiona kichwa chake, kina upara. "Ni ya Thérèse," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia.

Nililia, na sioni aibu. Thérèse hakulia. Alisogeza gari hadi usawa wa Pitchou aliyesimama kando ya trela lake, akamtazama kutoka kwenye kile kiti cha chini.

"Shemeji, ile motere ya bwana yangu uliyobeba," akamwambia, "bakia nayo. Sina kazi nayo."

Akaingiza gia ya pili. Ili kurudi nyumbani ilibidi tuuzunguke mtaa mzima, maana kurudi tulikotoka hatungeweza. Tukauzunguka mara tatu. Najua, gari halikuwa na namba wala karatasi. Hiyo ni vita nyingine na ameshaianza. Mwenye neno aje anione benki, dirisha la nne.