Kigoda cha Jirani

Jirani yangu alihama Mishomoroni akaja Magongo ili awe karibu na kiwanda, na kweli, king'ora cha kutoka kikilia, sijageuza chapati mbili ameshafika. Lakini haingii. Huketi kwenye kigoda nje ya mlango wake, begi mapajani, vidole vikigongagonga goti, akitazama ukuta kama abiria aliye dirishani mwa matatu. Mkewe humuuliza kutoka ndani, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Umefika wapi?” “Makupa,” hujibu, kama bado yuko njiani kurudi kule alikohama. Baadaye kidogo, “Naona daraja la Nyali.” Mimi na mwiko wangu nabaki nimeduwaa. Saa za njiani kaziokoa, mbona anakuja kuzimalizia mlangoni?

Juzi nikamwambia, “Jirani, si uingie tu? Chai yapoa.” Akanitazama, akainuka, akaingia vile vile alivyotoka kazini. Nikasikia sufuria ikigonga ukuta, watoto wakatoka mbio, mdogo bila viatu.

Jana, kabla ya king'ora, mkewe alikitoa kigoda mwenyewe, akakifuta vumbi kwa leso. Mume alipofika aliketi.

“Umefika wapi?”

Akalikumbatia begi. “Bado sijatoka kazini,” akasema.