Beji Iliyokwenda Jeddah

Watu wakisikia nafanya kazi kwenye kinu cha nyuklia Riyadh, hunitazama vidole kana kwamba vitawaka. Kinu chetu cha chuo hakijawahi kuwasha hata taa moja. Nilikikuta kikiwa shimo kavu la zege. Baadaye likajazwa maji, likatiwa fueli, wanafunzi wakaanza kujifunzia humo. Tunaingiza udongo, tende, maji ya visima, na mionzi inatuonyesha madini yaliyomo. Nakipenda kinu kile, sioni haya kusema.

Kila mmoja wetu ana beji ya kupimia mionzi, iliyobanwa kwenye koti la kazi. Mwisho wa mwezi beji hukusanywa zikasomwe. Makoti yote ni ya buluu, na mimi ni mtu wa kubeba lililo karibu.

Ndivyo nilivyokwenda bandarini Jeddah kupokea vifaa nikiwa na koti la mwenzangu wa Mombasa, mwenyewe yuko likizo fupi. Joto likanishinda, nikalitundika kwenye uzio nikaenda kula. Niliporudi, mafundi wa bomba walikuwa wamezungusha kamba pale, wanapiga picha viungo vya mabomba kwa mionzi. Koti lilikuwa ndani ya kamba. Hapo ndipo nilipoliona jina kwenye beji. Nikalirudisha Riyadh kimyakimya na kulitundika mahali pake.

Mwisho wa mwezi beji ya mwenzangu ilisoma mionzi iliyopita kiwango.

"Wallahi bosi, sikupita mahali popote," aliapa.

"Beji haisemi uongo," bosi wa usalama akamjibu. "Halas, yamekwisha."

Nilikuwa nimesimama palepale. Kutoa beji nje ya chuo ni kosa la kufukuzwa, na ikama yangu, kibali cha kuishi nchini, ilikuwa mikononi mwao. Niliogopa, basi. Mkataba wake haukuongezwa. Mpaka leo kiapo kile kinanijia katikati ya sala, nasahau nimefika rakaa ya ngapi.

Mwaka huu alinipigia simu kutoka Mombasa. Amepata mchumba, lakini anaahirisha harusi. Anaogopa kuzaa mtoto mwenye kasoro.

"Ndugu yangu, wewe ndiwe mjuzi wa mambo haya. Nioe?"

"Oa," nikamwambia. "Huna kitu mwilini."

Akauliza, "Umejuaje?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, simsikii vizuri. Kisha nikakata simu.