Nilichokunywa Jikoni Kanisani

Jumapili, tarehe 10 Februari 2019. Theluji laini asubuhi, mchana ikageuka mvua ya barafu, barabara zote za Scarborough, huku ughaibuni tunakoishi, zikawa kama kioo.

Leo zamu ya kuosha vikombe vya Chakula cha Bwana ilikuwa yangu. Nilipomwaga masalia kwenye sinki, harufu ya juisi ya zabibu ikanipanda puani, tamu na kali kidogo, nikajikuta nina miaka tisa tena. Nitaandika kadiri ninavyokumbuka. Kiswahili changu cha darasani kiliishia darasa la pili kule Moshi, kilichobaki ni cha Mama na cha kanisani, kwa hiyo mnivumilie.

Siku hizo, tukiwa tumehamia huku karibuni, usharika wetu wa Waswahili ulikodi ukumbi wa kanisa la Wazungu, tukiabudu alasiri wao wakishaondoka. Mama ndiye aliyeosha vikombe, nami nikawa msaidizi wake. Vilikuwa vidogo kama vifuniko vya chupa za dawa, na wengi waliacha tone chini. Sisi tusiopata kipaimara tulikatazwa meza hiyo. Basi Mama akigeuka tu, mimi nanyonya tone. Wala sikuwa na kiu. Nilitaka kujua wakubwa wanatuficha nini.

Jumapili moja mchungaji akaonya kwamba anayeijia meza ile isivyostahili hujiletea ugonjwa. Inawezekana alieleza vizuri zaidi ya hapo na mimi sikusikiliza. Juma hilohilo mdogo wangu Baraka, wa miaka minne, akalazwa hospitali. Alikuwa na sikoseli, ule ugonjwa wa damu, na baridi ikizidi mifupa ilimuuma hadi sauti ya kulia inamkauka. Ilikuwa mara ya tatu majira hayo. Nikajumlisha mwenyewe: dhambi yangu, adhabu kwake. Niliona Mungu amekosea mtu, lakini niliogopa kumsahihisha, maana angenigeukia mimi.

Jumamosi Baba alibaki na Baraka, Mama akarudi nyumbani kufua. Wakaja akina mama wa maombi, watatu, au labda wanne. Kiongozi wao, Mama Neema, akasema kabla ya kumwombea mgonjwa ni lazima nyumba ijisafishe, kila mmoja aseme lililofichika. Ndivyo walivyofanya kwao tangu enzi za bibi zao. Nisimwonee Mama Neema. Ni yeye aliyepanda mabasi mawili kila juma kupeleka mtori wa ndizi hospitali, na alianza na dhambi yake mwenyewe, kwamba alimsengenya mke wa mzee wa kanisa.

Zamu ikamfikia Mama. Alikuwa na fulana ya Baraka mapajani, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Nikashindwa kuvumilia. Nikasema nikiwa mlangoni:

"Mimi ndiye niliyemuumiza Baraka."

Nikayatoa yote. Mama Neema akauliza ni vikombe vingapi. Nikasema kama arobaini, ukiweka na vya Krismasi. Mama mmoja akakohoa ndani ya kitenge chake, na sasa najua hakikuwa kikohozi.

Mama hakucheka. Akanivuta nikae karibu naye.

"Sikia, mwanangu. Daktari alitueleza. Huu ugonjwa Baraka aliupata nusu kwangu, nusu kwa baba yako, kabla hajazaliwa. Wewe hukumpa kitu."

"Kwani ninyi mlifanya kosa gani?"

Nilisikia bomba la joto likigonga ukutani.

"Hatukufanya kosa," Mama akasema, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. Kisha akarudia. "Hatukufanya kosa lolote."

Mama Neema akavua miwani. "Tusamehe, mwanangu. Tulikuja kuomba, tukageuka mapolisi. Lakini vikombe uache."

Waliomba bila kumtafuta mkosaji. Walimwambia Mungu tu kwamba mtoto anaumia na sisi tumechoka. Yalikuwa maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwao. Mimi nikaenda kutazama katuni, mwepesi kama aliyevuliwa koti lililolowa.

Baraka hakupona kwa maombi yale. Alitoka hospitali siku ya tano, akalazwa tena kabla theluji haijaisha. Na kwa miaka mingi nilidhani aliyefunguliwa siku ile ni mimi. Nilikuwa mtu mzima Mama aliponiambia kwamba tangu Baraka apimwe, alikuwa akifunga kila Ijumaa akitafuta kosa lake, na baada ya Jumamosi ile hakufunga tena kwa ajili hiyo. Kwa nini Baraka na si mimi, sijajibiwa bado. Huenda wenye elimu wanalo jibu. Ninachoweza kusema ni kwamba tangu hapo nyumbani kwetu tuliliuliza swali hilo bila kuogopana.

Jioni tumekula makande. Baraka, sasa kijana wa miaka ishirini, alisema chumvi imepungua, akapakua mara ya tatu.