Kutoa na Kujumlisha Mezani kwa Orville

Ukitaka kumwona Orville Tesch amefura, mwambie kujumlisha ni bora kuliko kutoa. Mzee huyo alistaafu kazi ya kiwanda cha jibini hapa kwetu Wisconsin, na kila Jumamosi mchana aliendesha mchezo wa mashujaa na majoka katika chumba cha chini ya nyumba yake. Hesabu zake zilikuwa za kizamani. Kila mchezaji ana namba yake. Anatoa humo namba ya vazi la chuma la adui, kisha anarusha dadu ya pande ishirini na kuomba ifikie jibu. Vazi likizidi ubora, namba yake inashuka, hata chini ya sifuri. Na meza ilikuwa na sheria moja: aliyerusha dadu ndiye anayetamka kama amempata adui au amekosa. Husaidiwi. Ukikosea hesabu, zamu yako imekwenda na maji.

Binti yake Greta, naye mchezaji, alishamweleza kwamba vitabu vipya vimeigeuza hesabu: vazi bora lina namba kubwa, unajumlisha nguvu zako kwenye dadu, ukilifikia umepata.

"Baba, jibu ni lilelile," alimwambia.

Orville akasema hizo ni hesabu za chekechea, akanuna wiki nzima.

Sasa Merle Zastrow, rafiki yake wa tangu ujana, alikuwa amepigwa na kiharusi. Jumamosi ile ndiyo alirudi mezani mara ya kwanza. Mkewe, Idella, alimleta kwa gari kwenye theluji, akamsaidia kushuka ngazi, halafu akamvuta Orville kando.

"Anajifungia chooni kufanya mazoezi ya hesabu za kutoa, na zinamkataa," alinong'ona. "Kasema akiaibika leo, harudi tena. Na asipokuja hapa, Orville, sijui atatoka kwenda wapi."

Orville aliogopa. Angeweza kuleta adui mwepesi, lakini mchezo wao wa mwisho kabla Merle hajaugua ulikatizwa wakipigana na joka mmoja, na akimbadilisha, Merle angejua anahurumiwa. Wakaanza. Mashujaa wa wenzake wakaanguka mmoja mmoja, akabaki wa Merle peke yake.

Merle akarusha dadu kwa mkono uliobaki mzima. Kumi na tatu.

Kila mtu alishapata jibu moyoni. Namba ya Merle ni kumi na mbili, vazi la joka liko moja chini ya sifuri. Ukitoa kilicho chini ya sifuri, namba inapanda. Kumi na tatu ilitosha, barabara. Merle alitazama dadu, midomo ikicheza, jasho likimtoka. Greta akafungua mdomo. Baba yake akamkata jicho, naye akaufunga. Soseji zilipoa kwenye sahani na hakuna aliyezigusa.

"Nimekosa," Merle alisema mwishowe.

Kwa sheria ya meza zamu ilikuwa imeisha, na joka angemchoma shujaa wake. Merle alianza kurudisha dadu zake mfukoni, moja moja, bila kumtazama mtu. Hasira zikampanda Orville, na safari hii zilikuwa juu yake mwenyewe.

"Rudisha hizo dadu. Nani kakwambia zamu imeisha?"

"Sheria yako, bwana."

"Sheria inasema uhesabu, na mimi sijakupa namba." Ulikuwa uongo mtupu, na wote walijua. "Kwa hesabu za vitabu vipya, wewe una nane. Joka ana ishirini na moja. Jumlisha na dadu yako."

Merle akanyoosha vidole mezani, akaanza kuhesabu kutoka kumi na tatu, taratibu, kwa sauti. Alipofika kumi na nane akakwama. Orville alimwacha akwame. Hakumsaidia hata kwa jicho, ingawa roho ilimuuma.

"Kumi na tisa," Merle akaendelea. "Ishirini. Ishirini na moja." Akainua uso. "Nimempata."

"Umempata."

Merle akaitazama tena dadu. "Kumbe miaka yote ulikuwa unatutoa jasho bure?"

"Hebu rusha dadu ya kupima majeraha yake, mzee, acha maneno," Orville akasema. Akainamisha kichwa nyuma ya kadi alizosimamisha mbele yake mezani, akajifanya anatafuta kalamu.

Idella aliporudi kumchukua mumewe, alisimama juu ya ngazi akiogopa kuuliza. Merle alipanda polepole, akishika ukuta.

"Jumamosi ijayo unilete mapema," alimwambia. "Joka bado hajafa."