Kengele ya Mbuzi Nyumbani kwa Jaukali

Mbuzi yule tulimsikia sote, kilima kizima cha Okhardanda. Jua likipanda, wanawake tumeinama kwenye matuta ya ulezi, kengele inalia nyumbani kwa Jaukali: kling, kling, halafu kimya. Na Jaukali hakuwa na mbuzi. Hakuwa hata na kuku. Mimi niliwapita wenzangu, maana nilimwona kabisa. Alikuwa na pembe tatu na ndevu kama za marehemu mume wangu, na alinitazama vilevile kama marehemu, kana kwamba nimechelewesha chakula.

Sababu tuliijua. Jaukali alimwekea mungu wa msitu nadhiri ya mbuzi ili mumewe arudi salama kutoka Malaysia. Mume hakurudi, na Jaukali hakuchinja. Sasa, mbuzi wa nadhiri akinyimwa kisu haendi popote. Anahamia ndani ya nyumba ya mdeni wake. Alisema hivyo mganga wetu Birkhe, tena alisema huku anapiga ngoma, nani abishane naye? Watu wakaacha kupita mlangoni pa Jaukali. Hata wifi yangu Khimsari aliacha, na huyo ndiye ninayetaka kuwasimulia.

Khimsari ni mfupi wa kimo, mrefu wa mdomo. Kata ilimteua kuwa mhudumu wa afya ya jamii zamani, barabara haijafika, ikampa sari ya buluu, mkoba, na shukrani nyingi ambazo ukizitia chunguni hazichemki. Siku ya matone ya vitamini anawapanga watoto mbele ya duka, anakata vidonge kwa mkasi na kuwakamulia mdomoni. Mtoto akifumba mdomo, anambana pua. Kondomu anagawa hadharani kama karanga, na wanaume wakiinamisha macho anawauliza, "Leo ndiyo mnaona haya?" Siku moja alikutana na chui kwenye njia ya kijito. Chui akampisha. Alidhani anataka kumchanja.

Basi mwenyekiti wa kata, Narjit, akaitisha mkutano. Akasema halmashauri inataka kila mtoto asiyetembea, asiyesikia au anayechelewa kuelewa ajulikane alipo. Shuleni kutafunguliwa darasa lao, na mtaalamu wa viungo atapanda kilimani. Tena mtoto akifungiwa au kupigwa, kata iambiwe.

"Shangazi Khimsari, upande wako wako wangapi?"

"Mmoja tu, yule kiziwi wa mhunzi. Kilima kile hakina kinywa cha mtoto ambacho sijakitia dawa." Akajifuta jasho kwa madaha. Nami nikampigia makofi, maana ni wifi yangu.

Huyo Jaukali alizaa mara mbili. Mvulana wake, Resham, alichukuliwa na mtu mmoja wa shati jeupe aliyesema ana shule ya bure Kathmandu. Tangu hapo hatujasikia hata chafya yake. Msichana alifariki kabla ya kuota meno. Mtoto wa umri huo hatumchomi wala hatumfanyii matanga. Mama anakwenda kumzika karibu na maji, kimya kimya, yamekwisha. Khimsari alikwenda akalia naye mlangoni. Kaburi nani angeliuliza?

Mwaka huu mvua ya mawe ikalaza mahindi yetu yote. Birkhe akatetemeka, akapandisha, akatoa jibu: ni yule mbuzi. Yeye Birkhe ataingia ndani na upanga wake uliopinda, na pale kengele itakapolia ndipo atakapokata. Tukangoja asubuhi Jaukali alipotoka na mtama wake kwenda kusaga kwenye kinu cha maji, maana tulijua angetuzuia mlangoni. Tukapanda. Hata mwenyekiti Narjit alikuja, amekumbatia jogoo.

"Mwanangu," nikamtania, "wewe si serikali?"

"Bibi, serikali haijakataza jogoo. Na mahindi yangu yamelala kama yako."

Khimsari alikuja na mkoba wake begani. Nikamuuliza wa nini, akasema, "Birkhe akijikata, nani atamfunga bendeji? Wewe na hadithi zako?"

Ngoma ikalia mbele ya mlango. Na kumbe, Bhagwan wangu, kengele ikajibu! Si kama siku zote. Ilijibu mbio mbio, ikifuata ngoma, kama mbuzi anayecheza. Jogoo akamponyoka mwenyekiti. Birkhe akachomoa upanga, macho yamegeuka, akausukuma mlango kwa mguu.

Khimsari akainua pua.

"Birkhe, subiri. Mbuzi gani huyu ananukia mafuta ya haradali?"

"Ondoka, mama."

"Mafuta ya haradali yaliyokaangiwa mbegu za ajwani. Hayo yanapakwa mtoto mchanga. Mbuzi dume ananuka mwenyewe hadi mtoni, hapakwi mafuta."

"Mizimu ina mambo yake! Ondoka!" Akainua mkono. Ndani kule gizani kengele ikalia tena, karibu, chini, usawa wa goti.

Wifi yangu akapita chini ya kwapa la Birkhe kama kuku apitavyo chini ya ghala. Tukasikia mkoba ukianguka. Ngoma ikanyamaza yenyewe. Halafu kikatoka kicheko. Cha mtoto.

Niliingia wa pili. Ningependa kuwaambia niliingia kwa ushujaa, ila nilisukumwa. Macho yalipozoea giza niliona nguzo ya katikati ya nyumba, na kwenye nguzo umefungwa mshipi mrefu wa kitambaa, patuka yetu hii tunayojizungushia kiunoni sote, na mwisho wa mshipi yuko msichana. Si mtoto mchanga. Meno ya mbele yalikuwa yamempotea, yale ya kitoto, anaota ya kikubwa. Miguu myembamba imepishana kama mkasi, kichwa kinamlemea shingo. Amesukwa nywele vizuri, amepakwa mafuta hadi anang'aa, kando yake bakuli la ugali wa ulezi. Na shingoni, kwenye uzi mwekundu, kengele ya mbuzi. Alikuwa anaitikisa ili ngoma irudi.

Nilikaa chini. Birkhe alitazama upanga mkononi mwake, kisha akautazama ule uzi mwekundu, akatoka nje. Khimsari alikuwa amepiga magoti tu, anamkodolea macho mtoto ambaye alimlilia kifo.

"Huyu ni Manisara wa Jaukali," alisema, kwa sauti ambayo sikuijua. "Huyu ni marehemu."

Nje watu wakaanza. "Amemfunga kama mnyama!" "Mwiteni polisi!" "Alaaniwe mama wa namna hii!" Mwenyekiti Narjit akapiga simu halmashauri pale pale, tukamsikia anasema mtoto mlemavu, kafungwa, ndiyo, ndiyo, leteni gari, apelekwe kwenye makao mjini leo hii.

Wakati huo ndipo Jaukali akatokea njiani. Sijui nani alimwambia, labda alisikia ngoma. Alikuwa mweupe wa unga kuanzia nywele hadi miguu, maana mfuko ulimpasukia kwa kukimbia. Watu wakampisha, nadhani nusu yao walidhani ndiye mzimu wenyewe. Akaingia, akamfungua mtoto, akamtia kwenye tenga la mgongoni, akaivuta kamba hadi kipajini.

"Mweke chini, Jaukali," akasema Narjit. "Gari linakuja. Atakwenda mahali pazuri. Atasoma."

"Atasoma!" Jaukali alicheka, kicheko kibaya. "Na wa kwanza alikwenda kusoma. Nionyesheni daftari lake."

"Lakini umemfunga mtoto, dada!"

"Wewe mkeo hawafungi wako akienda kulima?"

"Wangu wadogo, wanatambaa!"

"Na huyu anatambaa!" Akamgeuza, akaifunua fulana ya mtoto. Begani kulikuwa na kovu la moto, limekunjamana kama ganda la mti. "Alibingirika jikoni nikiwa shambani. Kengele ikilia taratibu, najua anacheza. Ikilia sana, nakimbia. Ikinyamaza, nakimbia zaidi. Mlisema ni mbuzi, nikasema asante miungu, wasije." Kisha akamgeukia wifi yangu. "Na wewe ndiyo usiseme kitu kabisa. Yule wa shati jeupe alikuja hapa kwa miguu yake? Nani alimtembeza nyumba kwa nyumba? Nani aliniambia, mpe, Jaukali, huyu ni mtu wa shirika, ana karatasi?"

Nilimtazama Khimsari, nikingoja akane. Wifi yangu hukana hata mvua ikiwa inamnyeshea. Hakukana. Alikuwa amefumba mdomo kama wale watoto siku ya matone, na hakuna wa kumbana pua. Na mimi niliyeishi naye ukuta kwa ukuta miaka yote sikuwa najua.

Jaukali akaelekea mlangoni. Nyuma ya nyumba ile ni genge la mawe, na njia ya msituni, na aliyeingia huko na mtoto mgongoni mvua zikiwa zimelegeza udongo hawatarudi wote wawili. Narjit akamzuia mkono. Jaukali akamng'ata.

Hapo Khimsari akasimama. Akafungua patuka yake kiunoni, ile ndefu ya njano, sari ikimlegea mbele za watu, akazungusha ncha moja kwenye nguzo ya mlango na nyingine kiunoni pake, akapiga fundo.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Nimefungwa. Gari likija, libebe mimi na nguzo na paa. Mtoto hapiti hapa."

"Umesikia alivyomweka!"

"Nimesikia. Nilimlilia akiwa mzima, nikaamini maneno ya ngoma, kwa sababu kwa mama huyu niliogopa kurudi. Wewe ulisema kata inataka kumjua mtoto alipo. Yuko hapa. Mlete huyo mtaalamu wako apande hapa." Akamwambia Jaukali bila kumtazama, "Keti. Nami siingii ndani kwako mpaka uniite."

Gari halikufika, barabara ilikuwa imeporomoka. Alikuja kwa miguu, kesho yake, mama wa ustawi wa jamii, Ishwari, viatu mkononi, akamkuta wifi yangu bado yuko kwenye nguzo, nimemlisha kwa mkono. Tulitegemea pingu. Akaketi sakafuni, akamshika Manisara miguu, akamuuliza Jaukali mtoto anakula nini, analalaje, nani anamshikia akienda shambani.

"Hakuna," akasema Jaukali.

"Basi kosa la kwanza ni letu," akasema Ishwari. "Mtoto mwenye mama hapelekwi makao. Lakini nguzo, mama, mwisho leo." Na habari za mtu wa shati jeupe akazitaka zote, Khimsari akazisema zote, mbele yetu, jina, sura, mpaka jino la dhahabu. Polisi wa mji wanazo. Resham bado hajapatikana.

Mhunzi alichonga kiti cha mbao chenye mkanda kifuani. Khimsari anambeba Manisara kwenye tenga hadi darasani kila asubuhi, na Jaukali alikuwa anafuata nyuma, mkono mmoja umeshika tenga, njia nzima, bila neno. Chai hajamkaribisha hadi leo. Birkhe anatangaza kwamba yeye alijua tangu mwanzo kuwa si mbuzi. Kengele mtoto alikataa kuiacha. Sasa anaishika mkononi.

Juzi Jaukali alimkabidhi mtoto mlangoni, akachukua jembe, akaja shambani. Tulikuwa tumeinama, jua linapanda, mara kutoka shuleni: kling, kling, kling! Sote tukaruka. Mimi niliangusha jembe kwenye kidole changu mwenyewe.

Jaukali hakuinua hata kichwa.

"Anataka maji," akasema, akaendelea kupalilia. "Khimsari atampa."