Mhudumu wa Apu Llaksa

Wenzake katika nyumba ya Apu Llaksa waliizoea harufu ile mapema. Chimpu hakuizoea. Kila asubuhi, akimvua maiti joho la jana na kumvika jipya, alipumua kwa mdomo. Ngozi ya bwana yule ilikuwa imekauka kama nyama ya lama iliyoanikwa, ila makwapani palikuwa na unyevu wa kunata usioisha.

Apu Llaksa alikufa enzi za babu yake Chimpu, lakini mashamba yalikuwa bado yake. Chakula chake kilichomwa motoni mbele yake, na pombe ya mahindi iliyomshinda aliimalizia Rimachi, mzee mnene aliyekuwa msemaji wa marehemu.

Siku moja kaka yake Chimpu alifika, matope hadi magotini.

"Dada, baba kaangukiwa na mawe kule kwenye matuta. Tumeshamkunja magoti kifuani kwa mazishi, ila hatuna hata kitambaa cha kumfungia."

Chimpu akamwendea msemaji. "Baba Rimachi, joho la jana si linachomwa? Nipe nikamfungie baba yangu."

Rimachi akatega sikio kwenye ule mdomo mkavu, akaitikia kwa kichwa, kisha akacheua.

"Bwana kakataa. Anasema mkulima hufungiwa nyasi. Usinitolee macho mimi, kasema yeye."

Joho likatupwa motoni, sufu laini isiyo na hata doa. Chimpu alitoka nje akatapika.

Sikukuu ilipofika, wafu wakubwa walibebwa hadi uwanjani, wakaketishwa kwenye vigoda vyao, wakanyweshana kwa mikono ya wahudumu wao. Kazi ya Chimpu ilikuwa kumpepea Apu Llaksa. Akauweka upepeo chini. Nzi wakatua, wakaingia puani, wakatokea kinywani.

"We Chimpu, una wazimu? Wafukuze!" Rimachi alifoka.

"Muulize mwenyewe kama wanamwasha," alijibu kwa sauti, uwanja mzima ukasikia. "Si huwa anaongea na wewe?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajiziba mdomo.

Walimchapa Chimpu mpaka mgongo ukachanika, wakampeleka mabonde ya joto kuchuma majani ya koka. Huko aliolewa, akazaa, akazeeka. Kila mwezi wa wafu ulipofika na majirani wakawatoa mapangoni jamaa zao waliokufa ili kuwalisha, yeye alihamia nyuma ya nyumba, akawapa mgongo, na hakurudi mbele mpaka wa mwisho arudishwe pangoni.